Njia ya Uani na Ukuta wa Hamad

Jumanne, 14 Januari

Hamad ameshakwenda kazini. Nimefagia, nimechota maji, nimeanika mashuka. Mkate wa kumimina wa Mama umefika chini ya kawa, bado unatoa mvuke. Kauleta Bi Mize, kama kila asubuhi. Bi Mize ndiye somo yangu, aliyenifunda kabla ya harusi, na mdomo wake hauna pazia. Kaniangalia usoni, kacheka, kasema, "Haya, leo sikuulizi kitu. Uso wenyewe unajibu."

Nimeona haya. Lakini ni kweli. Uso unajibu.

Fungate imekwisha, ila Mama kashikilia mila yake: mwari hatokezi barabara kuu mpaka mwezi uishe. Njia ya uani ruhusa. Kwa hivyo nateremka kwa Mama ninapotaka. Natoka mlango wa jikoni, nakata ua wetu, nashika ujia, na kabla sijamaliza kujifunika kanga vizuri nimeshafika Kibondeni. Nyumba mpya huku juu tunaita Viwanjani. Kule chini ni mtaa wa zamani. Baina ya huku na kule ni ujia huo tu, mwembamba, unapita nyuma ya majiko na kamba za nguo. Ni wa wanawake. Mwanamume akilazimika kupita hukohoa kabla hajatokea, ajulikane.

Naipenda nyumba hii. Napenda hata sauti ya mlango.

Jumatano, 15 Januari

Nina mume gani mie!

Hamad anafyatua matofali. Ana kiwanja chake kando ya barabara ya Wesha, na nyumba karibu zote za Viwanjani zimejengwa kwa matofali yake. Jioni hii karudi na saruji hadi kwenye nyusi, kakaa kizingitini, kasema ana zawadi yangu lakini haiwezi kufungwa kwenye karatasi. Atanijengea ukuta wa ua. Pande zote. Nikae kichwa wazi, nisuke nywele, niote jua, niimbe nikitaka, na jicho la mtu lisinifikie.

Kasema amekuwa akiyaweka pembeni matofali mazuri tangu siku aliponiposa. Lenye ufa hakulichukua. Lililopinda hakulichukua. Miezi yote ile mimi nadhani ananiwaza, kumbe ananiwaza kwa saruji.

Nilimbusu vumbi lake lote. Nikapiga chafya. Tukacheka mpaka tukachoka.

Ijumaa, 17 Januari

Msingi umechimbwa upande wa chini, unaotazama Kibondeni. Hamad na fundi mmoja. Baada ya sala ya Ijumaa jirani yetu Bwana Seif kaja kutazama, mikono nyuma. Yeye ana ukuta mrefu na geti la chuma lenye maua ya rangi ya dhahabu. Nimemsikia nikiwa jikoni: "Yakhe, hapo umefanya la maana. Nyumba isiyo ukuta kama mwanamke asiye kanga."

Wamecheka wote watatu. Nami nikacheka peke yangu na vitunguu vyangu.

Nimefikiria kupanda asumini pembeni. Na mrehani. Hamad anapenda harufu ya mrehani kwenye nywele.

Jumamosi, 18 Januari

Bi Mize kafika kwenye mtaro wa msingi akasimama. Kawa kichwani, mkono kiunoni.

"Zuwena! Na hili ndo nni?"

Nikamwambia kwa fahari. Ukuta. Wangu. Kaupima mtaro kwa macho, kapandisha kanga, karuka. Ana miaka yake, lakini karuka. Ndipo akaniambia, tena kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake: "Mwanangu, ukuta mzuri. Mimi nitapita wapi?"

Sikuwa nimefikiria. Wallahi sikuwa nimefikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria asumini.

Jumatatu, 20 Januari

Siwezi kuacha kufikiria.

Nilipokuwa skuli, kutoka Kibondeni ulipanda huku juu kwa njia uitakayo. Moja ilipita kwenye migomba, moja nyuma ya chuo cha Kurani, moja kwenye mnazi uliolala. Ukimkimbia mtu aliyekukasirisha unachagua nyingine. Sasa nimekaa nikijiuliza zimekwenda wapi. Hakuna aliyezifunga. Yaani hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Huyu kaweka geti. Yule kaongeza chumba cha mtoto wake. Mwengine kafuga ng'ombe akazungusha uzio. Kila mmoja kafunga kipande chake tu, kidogo, chenye sababu.

Na barabara mpya za Viwanjani ni nzuri, pana, lakini kila moja inatoka barabara ya Wesha na kwenda kufia kwenye ukuta wa mtu. Hazijuani. Riziki, mke wa Bwana Seif, tulikaa dawati moja mpaka kidato cha nne. Mlango wa jiko lake unafungukia ua wetu. Namsikia mwanawe mchanga akilia, namsikia akimbembeleza. Ukuta ukizunguka, nikitaka kumpelekea uji itanibidi nishuke mpaka barabara ya Wesha, nitembee na malori yanayotoka bandarini, nipande tena barabara ya pili. Kwa mtu ambaye nasikia anapopiga miayo!

Ujia wa mwisho uko kwenye ua wangu. Wa kuufunga ni mimi.

Hapana. Ni Hamad. Kwa mapenzi yangu.

Jumanne, 21 Januari

Nimesema. Vibaya.

Nilingoja ale kwanza, kama nilivyofundwa. Nikamkandakanda mabega. Nikasema labda ukuta usiwe. Nilikusudia kusema labda usiwe mahali pale. Yakatoka hivyo.

Akageuka: "Hupendi zawadi yangu?"

Nikasema naipenda. Akasema mbona basi. Nikasema wanawake watapita wapi. Akaniangalia kama nimesema samaki watapita wapi. Kasema barabara ipo, Serikali imeitia lami, kila mtu anapita. Kasema ule si njia, ni mwanya tu baina ya nyumba. Maskini, kwake ni mwanya kweli. Hajawahi kuupita maisha yake yote. Angeupitaje?

Nikalia. Yeye akadhani namlilia yeye. Nikalia zaidi. Ugomvi wetu wa kwanza, na hakuna hata aliyepaza sauti.

Alhamisi, 23 Januari

Ukuta umefika kifuani. Unapendeza. Kozi kwa kozi, safu juu ya safu, umenyooka kama mstari wa daftari. Nauchukia.

Bi Mize leo hakuja asubuhi. Amekuja jua limeshapanda, mlango wa mbele, kwa barabara. Sijamwona kuingia mlango ule tangu siku ya harusi. Miguu vumbi tupu. Kafanya mzaha kama kawaida, kasema dereva wa lori kampigia honi, labda kampenda. Lakini nilipompokea kawa alikaa chini palepale kizingitini.

Mkate ulikuwa wa baridi.

Nimeula wote.

Ijumaa, 24 Januari

Hamad kaniletea embe. Nimesema ahsante. Kasema si kitu. Tumekula embe kama wageni.

Namkosa na tumelala kitanda kimoja.

Jumapili, 26 Januari

Ya Rabi! Sijui nianze wapi. Mbavu zinaniuma kwa kicheko, na bado naogopa.

Leo ilikuwa akika ya mtoto wa Riziki. Bwana Seif kaalika watu wengi, tenti limefungwa mbele ya geti, wanaume wamejaa mpaka barabarani. Wali na mchuzi wa mbuzi umepikwa Kibondeni, uani kwa Mama, kwa sababu mafiga makubwa yako kule na wapishi wako kule. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Chakula kinapikwa chini, kinapanda kwa njia ya uani, kinaingia kwa mlango wa jiko.

Hakuna aliyekumbuka ukuta. Si Bwana Seif aliyeusifia, si Hamad aliyeujenga, wala wapishi, maana tangu alfajiri walikuwa na moshi machoni. Mimi nilikumbuka nilipoona sufuria zinatokea juu ya ukuta. Sufuria tu, zinaelea, moja nyuma ya nyengine. Kisha zikasimama.

Halafu Bi Mize: "Haya, wanawake. Tumefika Ulaya."

Wengine wakasema warudi, wapite barabarani. Mama akasema hapiti yeye mbele ya wanaume wote wale na kanga ya jikoni na masizi mpaka puani. Na wali utapoa. Na malori je? Sufuria ya moto kichwani, lori nyuma? Upande wao kulikuwa na matofali yaliyobaki. Wakayapanga ngazi. Upande wetu nikapanga mimi, nikatia kinu kwa juu. Riziki yuko ndani ya arobaini yake, hatoki, lakini alisimama mlangoni na mtoto begani akitupa amri kama mwalimu wa gwaride.

Wa kwanza kupanda alikuwa Mama. Alisema ukuta ni wa mkwewe, kwa hivyo ni haki yake. Akafika juu. Akaupanda kama punda, mguu huku mguu kule, kanga imefungwa kibwebwe, upawa mkononi.

Na mlango wa jiko letu ukafunguka. Hamad. Kaja kuchukua majamvi ya wageni.

Hamad, ambaye akimwona Mama njiani huvuka upande wa pili kwa heshima. Hamad, ambaye tangu atoe posa hajapata kumtazama mkwewe machoni. Akamkuta juu ya ukuta wake mwenyewe.

Alijifunika uso kwa kofia akageuka kukimbia. Akajigonga kwenye mlango.

"Bwana harusi!" Bi Mize kutoka ng'ambo. "Unakimbilia wapi? Rudi ushike sufuria, wageni wako wana njaa!"

Karudi. Karudi kinyumenyume. Macho chini, mgongo mbele, mikono kaiinua nyuma ya kichwa kama mtu aliyekamatwa. Mama juu ya ukuta akanitazama mimi, sauti ya heshima kabisa: "Zuwena, mwambie mumeo sufuria ni ya moto."

Hamad yuko chini ya miguu yake. Nikasema, "Hamad, Mama anasema sufuria ni ya moto."

"Mwambie Mama nimesikia."

"Mama, anasema kasikia."

"Mwambie aipokee kwa kanga."

Basi tukapokea hivyo, sufuria baada ya sufuria, mimi mkalimani baina ya watu wanaogusana vidole. Wanawake ng'ambo wanalia kwa kicheko. Moja ya mchuzi ilitaka kupinduka. Hamad akaidaka na bega lake likaungua. Chakula kiliingia kwa Riziki cha moto, na wanaume kule mbele walikula wakasifu, hawakujua kilipitia wapi.

Ila Hamad hakula. Kachukua majamvi, kapeleka, kaondoka.

Jumatatu, 27 Januari

Nimempaka asali begani. Kaniachia bega, uso kaugeuzia kwengine.

Amenichukia? Amemchukia Mama? Ameaibika mbele ya mtaa mzima wa wanawake, na kesho itakuwa mtaa mzima wa wanaume. Nimeomba dua zote ninazozijua, na moja nimeitunga mwenyewe.

Kazini hakwenda. Hajagusa mwiko wa saruji. Amekaa uani anautazama ukuta.

Jumatano, 29 Januari

Asubuhi kaniambia, "Nionyeshe."

Nikauliza nini. Akasema, "Huo mwanya."

Tulitoka kwa ngazi ya matofali. Nilimwambia sharti la ujia, akakubali. Akashuka mbele yangu akikohoa. Kikohozi kikubwa, cha kweli, kila kona. "Hodi! Hodi njiani! Mwanamume anapita!" Kuku wakaruka. Wanawake wakajitupia kanga vichwani wakacheka. Mmoja kauliza kama wampelekee dawa ya kifua.

Nikamwonyesha. Hapa ndipo tunapoombana moto. Hapa Bi Mize hupumzika, jiwe limeng'aa kwa kukaliwa. Hapa nilijificha nikiwa mdogo. Kwa dirisha hili Mama alisikia kuwa nimepasi mtihani. Kisha nikamwonyesha zilikokuwa njia nyengine. Ya migomba: ukuta. Ya chuoni: ukuta. Ya mnazi uliolala: ukuta, na mnazi wenyewe umo ndani, kichwa chake kimetokeza nje.

Katika kila ukuta alisimama. Akapitisha kiganja. Kalibu lake la kufyatulia lina ubovu pembeni, kila tofali lake hutoka na kovu dogo. Nami nikaliona kovu. Pale. Na pale. Na kule.

"Yangu," akasema. "Hata haya. Yote yangu, Zuwena."

Nilimwambia hakujua. Akasema ndiyo, hakujua, alikuwa anafyatua tu.

Tulipokuwa tunapanda kurudi aliniambia jambo ambalo sitalisahau. Kasema alipokuwa mdogo alichuma karafuu na baba yake. Kwenye mkarafuu unaona kishada tawi la pili, karibu na pua, lakini huwezi kuvuka. Lazima ushuke mpaka kwenye shina, upande upya. Kutwa nzima ni kushuka na kupanda. "Ndivyo tulivyoujenga mji huku juu," kasema. "Kila mtu na tawi lake. Shina ni barabara ya Wesha." Akatazama chini, Kibondeni, njia zake zinavyopishana na kuungana. "Kule ni wavu. Ukikatika uzi mmoja, samaki bado yumo."

Naapa nilimpenda upya palepale, katikati ya ujia, na masizi ya watu, na kuku.

Ijumaa, 31 Januari

Hamad anabomoa. Saruji bado changa, matofali yanatoka mazima. Anayafuta moja moja kama sahani.

Ukuta utarudi nyuma. Ujia utapita nje yake, upana wa watu wawili wenye sufuria, na kona ameipima kwa upana wa jeneza, maana hilo nalo hupita, tumwombe Mungu lisiwe karibuni. Ua wangu utakuwa mdogo. Kaniuliza mara tatu kama nimeridhika. Asumini haihitaji shamba, nimemwambia. Na kutakuwa na mlango wa nyuma wa kwetu, uelekee wa Riziki.

Bwana Seif kaja na mikono nyuma. Kasema mbona unapoteza ardhi yako, yakhe. Hamad kaendelea kufuta tofali. Kisha kamuuliza kwa adabu: wali wa akika ulikuwa wa moto au wa baridi? Bwana Seif kasema wa moto, mashaallah. Hamad kasema, "Basi ardhi yangu ndiyo iliyoupasha."

Sauti ya Riziki ikatoka jikoni kwake, "Na mimi mwambie nimesikia!" Bwana Seif kaondoka, mikono imeshuka.

Jumatatu, 3 Februari

Hamad ana desturi mpya. Mtu akija kununua matofali ya ukuta, anamuuliza kwanza: njia umeiwacha wapi? Wengine wanamcheka. Mmoja kaudhika, kaenda kununua kwengine. Nilisikitika, Hamad hakusikitika. Lakini mwenye kiwanja cha juu yetu, ambaye ndiyo kwanza anachimba msingi, kaja kuuona ujia wetu. Tena kaletwa na Bwana Seif! Bwana Seif anamwelezea upana wa jeneza kama aliyezaliwa anaujua. Jamaa kakubali kusogeza msingi. Ikiwa hivyo, njia ya chuoni itafunguka tena, si palepale, ila itafunguka.

Mji mzima hautafunguka. Najua. Mnazi uliolala utabaki ndani ya ukuta wa watu. Lakini uzi mmoja umeungwa tena, na mwengine unakuja.

Jumamosi, 15 Februari

Mwezi wa uari umekwisha. Sasa naweza kutoka kwa barabara kuu nitakapo. Leo sikutaka.

Nimepika mkate wa kumimina mwenyewe, wa kwanza uliotoka bila kupasuka. Nikaufunika kawa. Nikauteremsha kwa Mama kwa njia ya uani. Bi Mize alikuwa amekaa kwenye jiwe lake. Kainua kawa, kaona mvuke, kaifunika, hakunitania.

Asumini imeshika. Majani mawili.

Hamad yuko nje sasa hivi, anarudi kutoka kwa Mama alikompelekea nazi. Namsikia tangu kona ya chini, anakohoa. Hakuna mtu njiani, saa hii wanawake wote wanapika. Anakohoa vilevile. Amefika mlangoni kwetu. Ni mimi tu humu, na ananijua.

Amekohoa.